Mpiga Besi Amefariki, Nami Nimechelewa Kuhani

Najua nimepotea. Kazi za gazeti zimenibana, mara bajeti, mara mafuriko, mara mgomo wa daladala. Leo nimerudi, na nimekuja na msiba.

Tena msiba wenyewe ni wa zamani. Marehemu alifariki tarehe 8 Januari 2012, katika mji wa Cuernavaca, Meksiko. Mwaka huo mimi nilikuwa bado shule ya msingi, nawaza mpira wa makaratasi kuliko kitu kingine chochote. Sikumjua. Nimemjua miaka mingi baadaye, na nimemlilia kama mtu aliyezikwa jana.

Kwetu mtu akichelewa msiba haambiwi asije. Anakuja hata baada ya arobaini, anavua viatu, anakaa mkekani, anasema, "Jamani, nilikuwa mbali." Basi nami ndiyo nimefika. Jamani, nilikuwa mbali.

Marehemu aliitwa Stefano Scodanibbio. Mwitaliano, mzaliwa wa Macerata, mji mdogo upande wa mashariki wa Italia, tarehe 18 Juni 1956. Kazi yake ilikuwa kupiga besi. Sisemi gitaa la besi unaloliona kwenye bendi zetu za dansi. Nasema ile besi kubwa ya mbao, iliyo kama fidla iliyolishwa ikanenepa, inayompita mpigaji wake kwa urefu, yenye nyuzi nne nene, inayopigwa mtu akiwa amesimama na upinde mkononi. Kwa hapa kwetu utaiona Unguja, kwenye vikundi vya taarab asilia kama Ikhwani Safaa au Culture Musical Club. Mbele wamekaa wa fidla, wa udi, wa ganuni. Mwimbaji yuko mbele yao wote, anatunzwa. Besi iko nyuma kabisa. Wengi tunaisikia kwa tumbo kabla ya masikio.

Mtaniuliza, wewe na Mwitaliano wa Meksiko wapi na wapi? Nitawaeleza, ingawa maelezo yenyewe hayanipendezi.

Miaka miwili iliyopita nilikuwa Unguja kikazi. Nikiwa huko nikasikia kuna msiba: amefariki mpiga besi mmoja mzee wa kikundi cha taarab. Nikapiga simu ofisini, nikaambiwa nilete maneno mia mbili na picha. Nikaenda msibani. Nikiwa pale akafika mwimbaji mmoja anayejulikana, basi nikamkimbilia, nikachukua maneno yake, nikapiga picha, nikatuma. Muda wa kufunga ukurasa ulikuwa unaniwahi. Habari ikatoka. Nikafurahi, nikajiona mwandishi.

Siku ya pili yake nikapita barazani kunywa kahawa. Kulikuwa na mzee mmoja, mpiga fidla wa kikundi kilekile, gazeti langu limekunjwa mapajani kwake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye mwandishi?"

"Ndiye mimi, mzee."

"Umeandika vizuri. Aliyekuja kuhani umemtaja. Kikundi umekitaja. Mtaa umeutaja. Sasa nambie, aliyekufa nani?"

Nikachukua gazeti nikasoma. Nilikuwa nimeandika "mmoja wa wapigaji wakongwe". Basi. Mtu amesimama nyuma ya fidla miaka na miaka, nami hata siku ya kufa kwake nikamwacha palepale nyuma. Kosa halikuwa la mhariri wala la ofisi. Jina sikuliuliza mwenyewe.

Usiku ule sikulala. Nikiwa gesti, nikawasha simu nikaanza kutafuta habari za besi kubwa, labda kwa kujifariji, labda kwa kujiadhibu. Ndipo nikakutana na jamaa huyu. Kitu cha kwanza nilichosoma kilikuwa hiki: mwaka 1987, mjini Roma, Stefano Scodanibbio alisimama peke yake na besi yake akapiga saa nne mfululizo bila mapumziko, vipande 28 vya watunzi 25. Saa nne! Hakuna fidla ya kumficha, hakuna mwimbaji wa kutunzwa. Mtu wa nyuma kavutwa mbele, tena kwa muda wa kutosha kusafiri kutoka Dar hadi Morogoro na njiani ukala mahindi.

Nikasema huyu nitamfuatilia.

Tuanze mbali kidogo, kwa sababu ukubwa wa alichofanya hauonekani mpaka ujue alikuta nini.

Katika muziki wa okestra wa Ulaya, besi kwa miaka mingi ilikuwa kama msingi wa nyumba. Bila msingi nyumba inaanguka, lakini mgeni akija anasifia mapazia. Mwaka 1886 mtunzi Mfaransa Camille Saint-Saëns aliandika muziki wake wa kanivali ya wanyama, na alipofika kwa tembo akampa besi. Ilikuwa mzaha, na mzaha mzuri. Lakini unaeleza watu waliionaje ala ile: kitu kizito kinachojaribu kucheza dansi.

Si kwamba hapakuwa na mafundi. Alikuwapo Domenico Dragonetti wa Venice, aliyezaliwa 1763 na kufariki 1846, ambaye mwaka 1799 alipita Vienna akampigia Beethoven kwa besi sonata aliyoiandika kwa selo, na Beethoven akastaajabu. Alikuwapo Giovanni Bottesini, 1821 hadi 1889, aliyeitwa Paganini wa besi kwa wepesi wa vidole. Huyu Bottesini ana habari yake na Afrika: ndiye aliyeongoza okestra opera ya Aida ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza, Cairo, tarehe 24 Desemba 1871. Nilipolijua hilo nilijisikia nyumbani kidogo.

Lakini mafundi hao waliisifisha besi kwa kuifanya iige wenzake. Iimbe kama mwimbaji wa opera, ikimbie kama fidla. Sifa yao ilikuwa kwamba ukifumba macho ungesahau kuwa ni besi. Karne ya 20 ilipofika nusu, ndipo baadhi ya watu walipoanza kuuliza swali jingine. Marekani alikuwapo Bertram Turetzky, ambaye watunzi walimwandikia mamia ya vipande vipya. Italia alikuwapo Fernando Grillo. Swali lao lilikuwa: besi ina nini chake yenyewe, ambacho fidla haina?

Scodanibbio alikuwa mwanafunzi wa Grillo. Swali hilo akalichukua, akaenda nalo mbali.

Jibu lake liko kwenye urefu wa uzi. Vumilieni kidogo, hapa pana utamu. Ukibonyeza uzi wa fidla au gitaa hadi ubaoni, unaufupisha, sauti inapanda. Hilo kila mtu analijua. Lakini ukiugusa tu kwa ncha ya kidole, kama unayegusa chuma usichojua kama kina moto, mahali pa nusu kamili ya uzi, sauti inaruka juu, inatoka nyembamba na safi kama filimbi. Ukigusa kwenye theluthi, inatoka nyingine. Kwenye robo, nyingine. Kwenye sehemu ya tano, ya sita, ya saba, zinaendelea kupanda na kuwa ngeni zaidi. Hizo ndizo hamoniki. Kila uzi duniani unazo, ila uzi wa fidla ni mfupi, nukta zake zimebanana. Uzi wa besi unapita mita moja. Nafasi ipo. Ala iliyodharauliwa kwa unene wake ndiyo iliyokuwa imebeba sauti nyembamba tele.

Scodanibbio alizijua nukta hizo kama dereva wa daladala anavyoyajua mashimo ya njia yake. Alizitumia kuanzia juu ya shingo hadi karibu na daraja. Alizichanganya na sauti nzito za kawaida, haraka haraka, upinde ukiruka kutoka uzi hadi uzi, hata ukisikiliza kwa masikio tu unaapa kwamba kuna watu watatu: mmoja anaguna chini, mmoja anapiga filimbi juu, wa tatu anagonga mlango. Ukitazama unaona ni mtu mmoja, amekumbatia gogo lake, anatoka jasho.

Upinde nao hakuuacha utulie. Mwalimu wa kawaida hukufundisha upinde ukae mahali pamoja, kati ya daraja na ubao, uende kushoto na kulia. Yeye aliutembeza juu na chini ya uzi, na kila mahali uzi ukatoa rangi nyingine. Mtunzi Luigi Nono alipokuwa akiandika Prometeo, kazi kubwa iliyopigwa kwa mara ya kwanza Venice mwaka 1984, alitaka upinde utembee namna hiyo. Aliandikaje maagizo? Aliandika kwenye nota zenyewe kwamba upinde uwe wenye kutembea kwa mtindo wa Stefano Scodanibbio. Jina zima.

Niliposoma hapo niliweka simu chini. Kijana wa miaka 28 hivi, mpiga besi, jina lake limeandikwa ndani ya muziki wa mtu mwingine ili kila atakayeupiga baada yake alisome. Mimi nilikuwa na maneno mia mbili, nikashindwa kuweka jina moja.

Orodha ya waliomwandikia ni ndefu: Xenakis, Donatoni, Sciarrino, Ferneyhough, Globokar, na wengine. Alifanya kazi kwa muda mrefu na Giacinto Scelsi, mzee wa Roma aliyeweza kukaa kwenye sauti moja mpaka ifunguke. Alipiga na Mmarekani Terry Riley. John Cage, karibu na mwisho wa maisha yake, alisema hajasikia upigaji wa besi ulio bora kuliko wa Scodanibbio. Cage alikuwa na zaidi ya miaka 70 alipomsikia, na alikuwa amesikia mengi.

Kwao Macerata hakuwasahau. Mwaka 1983, akiwa na miaka 27, alianzisha hapo tamasha la muziki mpya, akawa anawaletea wenzake wa mji mdogo muziki ambao wengi wangedhani ni wa Paris na New York tu. Kwa sisi tunaofikiri kwamba kitu cha maana lazima kifanyike mjini mkuu, hilo nalo ni somo, ila tupite.

Kuna jambo moja alilofanya ambalo naliona kama rambirambi. Mtunzi Luciano Berio alikuwa na mfululizo wa vipande vya ala mojamoja, vinaitwa Sequenza. Cha 14, cha mwaka 2002, kilikuwa cha selo, kilichoandikwa kwa ajili ya Rohan de Saram, mpiga selo mwenye asili ya Sri Lanka, na ndani yake kuna midundo ya ngoma za Kandy. Berio akafariki Mei 2003. Mwaka 2004 Scodanibbio akatoa toleo la kipande hicho kwa besi, na leo linapigwa kama sehemu ya mfululizo. Fikiria: ngoma za Kandy zimeingia kwenye selo, zikaingia kwenye besi, mtunzi kaburini, na mlango wa besi aliouacha ukafunguliwa na mpiga besi. Kuna watu wanaoleta maua msibani. Wengine wanaleta kazi iliyomalizika.

Naye pia alikuwa mtunzi, na kazi zake zinapita 50. Kipande kimoja cha mwaka 1986 anakiita Alisei. Kwa Kiitaliano ndizo zile pepo zivumazo upande mmoja bila kuchoka, ambazo mabaharia wa zamani walizitegemea kuvuka bahari. Mtu wa pwani akisikia hivyo anakumbuka kaskazi na kusi, na akikisikiliza hahitaji kuelezwa: ni hamoniki zinazopepea, zinapishana, hazitui.

Lakini kubwa kwangu ni Voyage That Never Ends, safari isiyokwisha. Alianza kuijenga mwaka 1979 akaendelea nayo hadi miaka ya 1990. Mtu mmoja, besi moja, kiasi cha dakika 45. Jina hilo ndilo ambalo mwandishi Mwingereza Malcolm Lowry alikusudia kuupa mfululizo wa riwaya zake, na riwaya ya Lowry inayojulikana zaidi, ya mwaka 1947, inatokea Cuernavaca, siku moja ya mwaka 1938, Siku ya Wafu. Cuernavaca! Mji uleule.

Ugonjwa uliomwondoa ni ule unaoua mishipa ya fahamu inayoendesha misuli, uliompata pia mwanasayansi Stephen Hawking. Mara nyingi hauharibu akili. Unakuacha na mawazo yako yote, kisha unakunyang'anya mikono, miguu, sauti, mwisho pumzi. Kwa mtu yeyote ni adhabu. Kwa mpiga besi ambaye ujuzi wake wote ulikuwa kwenye ncha za vidole, kwenye kujua uguse wapi na uguse kwa wepesi gani, mimi sina neno. Hawking alipewa miaka mingi. Scodanibbio hakupewa. Alifariki na miaka 55.

Sasa niambieni: ujuzi kama ule unakwenda wapi? Kumbukumbu za sauti zipo, ndiyo. Lakini santuri inakuonyesha alichofanya, haikuonyeshi alivyofanya. Kwetu tumezika mafundi wengi, kila mmoja na nyimbo na milio aliyoijua yeye peke yake, halafu tunasimama kaburini tunasema ni maktaba imeungua. Tunapenda sana usemi huo. Unatupa ruhusa ya kutofanya chochote, kwani moto umeshazimika.

Yeye alifanya. Alifundisha vyuoni Ulaya na Marekani, na miaka mingi kwenye kozi za kiangazi za Darmstadt, Ujerumani. Pamoja na mpiga besi Daniele Roccato alianzisha kikundi kinachoitwa Ludus Gravis, ambacho ni besi tupu. Na mwishoni kabisa mwa maisha yake aliwaandikia kazi inayoitwa Ottetto, ya besi nane.

Besi nane, jamani. Wale wa nyuma wote wameletwa mbele, na hakuna mwimbaji. Nimeisikiliza kwenye santuri iliyotoka 2018, inayobeba pia Alisei. Mara ya kwanza nilisikia kelele, niwe mkweli. Migongo ya mbao inapigwa, nyuzi zinakwaruzwa, kama bandari usiku. Mara ya tatu nikaanza kumsikia mtu. Zile guna, zile filimbi, ile hodi mlangoni, vyote vilivyokuwa vikitoka kwa mtu mmoja sasa vimegawiwa watu wanane. Sijui kama alikusudia hivyo. Mimi ndivyo nilivyosikia. Kama baba anayeita watoto kitandani, huyu achukue shamba, huyu nyavu, huyu funguo. Mikono miwili ilipokuwa inakufa, akaacha kumi na sita.

Nirudi Unguja, nimalize.

Asubuhi ile baada ya kukesha nilirudi kwa yule mzee wa fidla. Akanipeleka kwa watoto wa marehemu. Nikaomba radhi, nikauliza nilichopaswa kuuliza siku ya kwanza: jina lake kamili, alizaliwa wapi, besi alifundishwa na nani, nani amebaki na namna yake ya kupiga. Hilo la mwisho liliwanyamazisha. Kisha binti yake akasema kuna kijana mmoja wa kikundi alikuwa anakuja jioni, baba anamshika mkono anauweka kwenye uzi. Mmoja.

Gazeti lilichapisha sahihisho: mistari minne, chini kushoto, ukurasa ambao watu hufungia maandazi. Jina likawa sahihi, herufi kwa herufi. Hapa sitaliandika. Binti yake alinitaka hivyo. Alisema, "Ulilikosa gazetini, lilipe gazetini. Mtandaoni tuachie." Nimemtii.

Meksiko wana desturi, kila mwanzo wa Novemba, ya kuwaandalia wafu wao chakula na maua na mishumaa, kwa imani kwamba siku hizo wanakuja kuwaona walio hai. Mwaka huu hawakuja kwako, utawangoja mwaka ujao. Kwa hiyo kwa watu wa Cuernavaca hakuna anayechelewa msiba. Nimeipenda hiyo. Na katika ile safari yake ya dakika 45 kuna sehemu iitwayo Safari Iliyokatizwa. Nimeisikiliza mara nyingi. Si sehemu ya mwisho.

Juzi nilikuwa Unguja tena. Nikaenda kuwasikiliza. Yule kijana ndiye aliyesimama na besi, nyuma kabisa, kwenye kivuli cha spika. Wakati wa mapumziko nikamfuata, kalamu mkononi, kabla hata ya salamu kutulia nikamwambia, "Ndugu yangu, jina lako nani?"

Akacheka. Akanitajia taratibu, nikaandika.

Haya wandugu, mie narudi kazini. Tuonane panapo majaliwa.